Waya wa Dishi Ndani ya Miramura

Jumamosi, 9 Septemba

Leo nimeongea na Ujapani. Kutoka hapa Nyakasimbi, nimekaa kwenye kigoda, mguu mmoja una buti na mwingine kandambili, nimeongea na Mjapani wa Ujapani na akanijibu kwa adabu. Katika Karagwe na Kyerwa yote hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Haya, uongo. Sikuongea naye, nilimsikia tu. Na hiyo Ujapani pia sina uhakika nayo. Alisema lugha nisiyoijua, na lugha nisizozijua ni nyingi. Lakini daftari ni langu, nimeona nianze vizuri.

Ukweli ni huu. Nina redio ya kupokea na kutuma, ile ya watu wanaoongea angani kwa kujifurahisha, siyo ya taarifa ya habari. Leseni ninayo, ina mhuri, nimeitundika juu ya picha ya harusi, na Anatolia mke wangu hajanisamehe. Redio nimepewa na Hategekimana wa Isingiro, kule Kyerwa. Mwaka tisini na nne, wakimbizi walipojaa, tulifanya kazi pamoja kwenye shirika moja la misaada. Yeye alikuwa ndani ya chumba cha redio, mimi nje juu ya mlingoti. Miaka miwili nilipandisha nyaya wengine wasemee, na maiki sikuruhusiwa kuigusa hata kuifuta vumbi. "Projestus," alikuwa akiniambia, "wewe ni mtu wa kupanda. Kusema tuachie sisi."

Mwaka huu kanipa redio yake ya zamani, akasema itapamba sebule. Nikamwambia, utanisikia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kila Jumamosi saa nne asubuhi nipo hewani," akasema. "Lakini fanya haraka. Katikati ya Desemba binti yangu ananihamishia Dodoma, kwenye ghorofa. Huko nitafunga waya kwenye nini, kwenye jiko la gesi?"

Kwa hiyo nina mvua hizi za vuli tu. Zikiisha, naye ameondoka.

Masafa yetu yanataka antena ya mita ishirini, iliyonyooka. Leo nimeifunga.

Jumapili, 10 Septemba

Rwegoshora, jirani yangu wa upande wa magharibi, amenisimamisha baada ya misa, mbele ya watu.

"Projestus, umefunga kitu kwenye mramura."

"Kamba tu, waitu, ndugu yangu."

"Mramura haufungwi kamba. Mramura ni mti wa mpaka. Unapandwa, unaachwa, unaheshimiwa."

"Nimeufunga kwa heshima."

"Na ule waya unaoning'inia juu ya maharage yangu?"

"Mita sita tu. Kutoka njia ya bodaboda hadi kwako nina mita kumi na nne, na antena inataka ishirini. Hizo sita ningezipeleka wapi?"

"Leo ni waya. Kesho utasema mpaka wako ni pale waya unapoishia."

"Ningetaka maharage yako ningefunga mbuzi, si waya."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Rwegoshora hata kicheko anakipima kwanza kwa kamba. Miaka ishirini na mitano tumekaa ubavu kwa ubavu, tumekunywa rubisi ya ndizi kwenye kibuyu kimoja, na leo ameondoka bila kuniaga. Mjinga.

Jumatatu, 11 Septemba

Mvua. Rwegoshora kapita, hakunisalimia.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua tena. Kapita tena. Kamsalimia mbuzi wangu, mimi kaniruka.

Ijumaa, 15 Septemba

Salvina, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amekuja na daftari la serikali na buti za mvua. Kanipa shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja kunihukumu. Nyuma yake Rwegoshora na kamba ya kupimia. Wamepima miramura yote mara tatu. Haukuonekana hata mmoja uliosogezwa, na Rwegoshora akabaki kama mtu aliyefika msibani akamkuta marehemu anakunywa uji.

"Mzee Projestus," akasema Salvina, "kamba itoke kwenye mramura leo. Waya wote, kamba zote, kila kilicho chako kikae ndani ya miramura yako. Kikivuka tena, hata shibiri, mlingoti unashuka na haupandi tena. Nimeandika."

"Andika pia kwamba nimeonewa."

"Hilo halina mstari. Lakini mzee, kwani huna simu?"

"Ninayo."

"Na huyo Hategekimana hana?"

"Anayo."

"Sasa si umpigie?"

Nikamwambia simu inaniumiza sikio. Ndilo jibu nililolipata kwa haraka.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekata waya, zimebaki mita kumi na mbili, zote ndani. Mwisho wa waya kuna kamba, na kamba imefungwa kwenye nguzo niliyoichimbia hatua moja kabla ya mramura. Saa nne nikabonyeza maiki, nikaita. Nina kipimo chenye sindano kinachoonyesha antena inameza umeme kiasi gani na inatema kiasi gani; sindano ikilala, imemeza. Imetema wote. Redio ilipata moto ningeweza kuchomea ndizi. Mwisho nikampigia Hategekimana simu.

"Umenisikia?"

"Nimesikia mvua ya Isingiro."

"Nimeita mara kumi!"

"Basi panda mlingotini uitie huko juu. Huko ndiko ulikozoea."

Anatolia alikuwa anamenya ndizi. "Baba Mackrine," akasema, "si huyo umeongea naye sasa hivi? Mmesalimiana, mmetukanana. Kimebaki nini?"

Swali lenyewe ni zuri, ndiyo maana linaudhi.

Jumatano, 27 Septemba

Nimekwenda Bugene kwa Jovin, fundi wa redio na madishi, mtu anayeongea polepole kama anasoma maelezo ya dawa. Nikamweleza kwamba nina antena ndefu na kibanja kifupi, na kwa upande wa urefu kibanja kimejaa migomba, na mke wangu ameapa haukatwi hata mmoja.

"Waya ukikosa nafasi ya kunyooka, uzungushe," akasema. Akachukua kipande cha waya wa dishi, akakichuna kwa wembe kama anachuna muhogo. Nje ngozi nyeusi. Chini yake sweta la nyuzi. Chini ya sweta nyama nyeupe ya plastiki, na katikati kabisa moyo wa shaba.

"Hizi ni nyaya mbili ndani ya koti moja, mzee. Zungusha koili. Mwisho wa sweta uunge na mwanzo wa moyo. Umeme unazunguka koili nzima kwa sweta, ukifika mwisho unarudishwa mwanzo, unazunguka tena kwa moyo. Mizunguko sita inafanya kazi ya kumi na mbili. Weka koili moja kila mkono wa antena, nayo itajiona ndefu wakati ni fupi."

Nikamwambia namjua mwanamume mmoja wa hapa kijijini aliyejengwa hivyohivyo. Akanipa mabaki ya waya, mkono mzima.

Jumanne, 3 Oktoba

Jovin alisema koili nizizungushie kwenye bomba la plastiki. Mabomba yanauzwa Kayanga. Lakini mimi ni Mnyambo, nina migomba mia tatu. Mnyambo mwenye kibanja ananunuaje kitu cha mviringo? Nimekata vipande viwili vya shina la mgomba uliokwishavunwa, vinene, vizuri, na waya umekaa kama mtoto mgongoni.

Jumamosi, 7 Oktoba

Antena imetema umeme wote. Nimempigia Jovin. Akasema: "Mzee, mgomba ni maji. Umetumbukiza koili kwenye mtungi." Nilisikia wateja wake wakicheka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Shina limeoza. Koili moja imemwangukia mbuzi kichwani. Rwegoshora aliona yote akiwa upande wake. Hakucheka, lakini aliondoka haraka, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimenunua bomba Kayanga, nimejifanya ni la choo. Asubuhi sindano ilishuka kidogo, nikamwita Anatolia aone. Alipofika ilikuwa imepanda. Kumbe ncha za waya nilizielekeza juu, wazi, na mvua ya wiki nzima imeingia chini ya ngozi. Nimekata, yametoka maji. Si mengi, ila Anatolia nilimwambia kikombe.

Kaniuliza, kwani kumpigia simu Hategekimana kuna ubaya gani. Nikasema kwenye simu mtu anaweza kukukatia. Akasema hata yeye angependa kuwa na kitufe hicho.

Jumamosi, 4 Novemba

Anatolia ameanika shuka kwenye antena. Shuka limekauka. Ni mara ya kwanza antena hiyo kufanya kazi.

Jumamosi, 11 Novemba

Senene wametua alfajiri. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba na watu wameinama kila kona na ndoo. Antena yangu ilikuwa ya kijani mwisho hadi mwisho. Nilianza kuwachuma, nikasikia sauti ambayo haijanisemesha miezi miwili.

"Senene hao wametoka kwenye maharage yangu."

"Wamevuka wenyewe, waitu. Mwite Salvina awapime."

Rwegoshora akaokota mmoja kwenye jani lake akamtia ndooni kwa hasira.

Nilimsimulia Anatolia akiwa anakaanga, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Baba Mackrine, wewe unajua kwa nini Rwegoshora alihama Isingiro?"

"Nani asiyehama Isingiro?"

"Marehemu mkewe aliniambia. Baba yao alipofariki, kaka yake, Yustus, alifunga mbuzi kwenye mramura wa Rwegoshora. Siku moja. Kisha kila siku. Msimu uliofuata mramura ukaonekana umehamia hatua tano ndani. Wazee wakaja, wakasema mpaka ni pale mramura ulipo. Ndugu hao hawajasemeshana mpaka leo."

Senene wakaungua kidogo. Mimi nilikuwa nakumbuka siku ile baada ya misa, mimi na utani wangu wa mbuzi, na watu walivyocheka.

Jumapili, 12 Novemba

Nimempelekea Rwegoshora sahani ya senene. Kaipokelea dirishani.

Jumatatu, 13 Novemba

Sahani imerudi. Imeoshwa.

Jumamosi, 25 Novemba

Jovin amekuja mwenyewe, nadhani amechoka na simu zangu. Alipanda mlingoti, akavuta kiungo kimoja kwa vidole viwili, kikamfuata.

"Mzee, viungo umevilehemu kwa risasi?"

"Kwa risasi nyingi."

"Sweta la waya huu ni alumini. Risasi haishiki alumini, inakaa juu yake kama mgeni asiyepewa kiti." Akatoa vibanio vidogo vya skrubu, akabana viungo vyote, akaelekeza ncha chini, akafunga utepe. Nikabonyeza. Sindano ikalala chini kabisa. Antena imemeza!

Nikaita mpaka sauti ikakauka. Kimya. Nikapiga simu. Hategekimana alikuwa Kayanga ananunua masanduku ya safari.

Jumamosi, 2 Desemba

Radi kuanzia saa tatu hadi saa saba. Nimechomoa nyaya zote, nimekaa nimeitazama redio kama mchumba aliyezuiwa na wazazi. Hategekimana anaondoka Jumapili ya tarehe kumi na saba. Jumamosi zimebaki mbili.

Anatolia hakuniuliza habari za simu. Aliniletea chai, akakaa karibu. Ndipo nikamwambia mwenyewe, bila kuulizwa: mnara wa simu wamepandisha watu wengine. Mimi nimepandisha nyaya za watu miaka miwili, na upepo wa kule juu naujua, lakini sauti yangu haijawahi kupita kwenye waya wangu hata siku moja. Akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Jumamosi, 9 Desemba

Nitaandika yote, hata kalamu ikiisha.

Jana kulikuwa na upepo, leo asubuhi kumetulia. Saa nne kamili nikaita kwa utaratibu, kwa sauti nzito, kama nilivyomsikia Hategekimana akiita miaka ile. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikabonyeza kitufe, nikafungua mdomo, na mlango ukafunguka kwa teke.

"Projestus! Kamba imevuka!"

Rwegoshora, matope mpaka magotini, kamba ya kupimia mkononi.

"Mkia wa kamba yako umevuka mramura! Shibiri moja! Nimepima mara mbili! Namwita Salvina, mlingoti unashuka leo hii!"

Nilikuwa nimeganda, maiki mkononi, kidole juu ya kitufe. Nilipokiachia redio ikakohoa, kisha ikaja sauti ya Hategekimana, safi kama yuko jikoni kwetu:

"Nimepokea. Kamba imevuka mramura, shibiri moja, umepima mara mbili. Naomba uthibitishe: shibiri ya mtu mzima au ya mtoto?"

Rwegoshora akaitazama redio, akanitazama mimi, akachungulia chini ya meza.

"Nani huyo?"

"Hategekimana. Yuko Isingiro."

"Isingiro ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Akakaa. Nikabonyeza kitufe. Maneno ya siku hii nimeyatunga miaka karibu thelathini. Yalikuwa na kejeli tatu na neno moja la Kiingereza. Yote yakanikimbia.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Projestus."

"Projestus. Nakusikia. Nakusikia vizuri kabisa, mzee mwenzangu. Mlingoti kapandisha nani?"

"Mimi."

"Na anayesema ni nani?"

"Mimi."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimeandika kwenye kitabu changu, saa na dakika."

Anatolia alikuwa mlangoni na mwiko. Mimi nikajifanya narekebisha waya, macho yalikuwa yananiwasha. Ndipo Rwegoshora akanigusa bega.

"Muulize kama anamjua mtu mmoja huko. Yustus."

Nikamshikia maiki mdomoni, maana leseni ni yangu na kidole lazima kiwe changu. Akauliza kwa kupiga kelele, akidhani Isingiro ni mbali.

"Yustus namwona kila Jumapili," Hategekimana akajibu. "Mguu wa kushoto unamsumbua. Siku hizi anatembelea fimbo. Anayeuliza ni nani?"

Rwegoshora akaiangalia kamba yake ya kupimia. "Mwambie ni mtu wa kulekule," akasema. Kisha akarudi kwenye maiki akauliza kisima bado kina maji, kanisa siku hizi limeezekwa bati au nyasi, mibuni ya marehemu baba yake nani anaichuma, na ile njia ya mtoni bado inateleza. Hategekimana akajibu kimoja kimoja. Nilipoivuta maiki kwangu ili niseme japo kejeli moja, betri ya redio ilikuwa imekufa.

Nje, Rwegoshora mwenyewe aliuvuta mkia wa kamba, akaurudisha upande wangu, akaufunga mafundo mawili.

"Shibiri moja," akasema. "Salvina ana kazi nyingi."

Jumatano, 13 Desemba

Juzi Rwegoshora alileta betri ya sola yake, kubwa kuliko yangu. Jana alikuja kuikagua. Leo kaja tena, nikiwa shambani, na Anatolia kampa chai. Hategekimana kapiga simu: amemwambia Yustus ni nani aliyekuwa akiuliza habari zake. Yustus akauliza Jumamosi ni saa ngapi.

Ijumaa, 15 Desemba

Rwegoshora, najua daftari hili unalisoma. Ule ukurasa niliokufananisha na mtu aliyefika msibani una alama ya kidole chenye tope, na Anatolia hunawa mikono. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na nitaliacha wazi hapa kando ya maiki.

Kesho ni Jumamosi ya mwisho ya Hategekimana. Kaka yako atakuwa amekaa pembeni yake. Muda ni wenu, ongeeni mpaka betri zote mbili zife, pimeni hizo hatua tano angani mkitaka, kidole changu kitashika kitufe na masikio yangu nitayapeleka kwa mbuzi.

Lakini Jumamosi iliyopita ulizila dakika zangu zote, na hizo nakudai. Sitaki rubisi, sitaki senene. Nipe dakika nne za mwanzo. Kaa kwenye kigoda, shika kofia yako, unyamaze nimuage mwenzangu.

Nne zikikushinda, nipe tatu.